Ohrid pale Masedonia Kaskazini: nilale huko au niende na kurudi siku hiyo hiyo?

mguu_njiani

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kwa aliyewahi kuzunguka Balkani. Nina kikao cha kazi Skopje mwanzoni mwa mwezi wa tisa na kikiisha nabaki na nafasi kidogo kabla ya ndege, sasa kila mtu wa huko nikimuuliza niende wapi jibu ni moja tu, Ohrid, Ohrid, mpaka naanza kuwa na wasiwasi maana penye sifa nyingi hivyo ukifika unakuta foleni na maduka ya sumaku za kubandika kwenye friji. Picha zenyewe nilizoziona ni ile ile moja, kakanisa juu ya mwamba na ziwa nyuma, basi.

Hoteli niliyofikia wana safari yao ya gari, mnatoka asubuhi mnarudi usiku. Inatosha kweli au nihamie huko nilale? Halafu niseme ukweli tu mimi si mtu wa makanisa, nikishaingia matatu naanza kuangalia saa, na nimesikia mji huo una makanisa 365 moja kwa kila siku ya mwaka, sasa hiyo ndiyo inanitisha. Maji yanaogeleka mwezi huo? Na visa je, niliyo nayo ni ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Asanteni sana.

Mzee wa Ramani

Lala. Jibu fupi ni hilo, mengine ni maelezo.

Kutoka Skopje mpaka Ohrid ni kama kilomita 170 lakini usizihesabu kama za barabara kuu, ni milima. Basi linapita Tetovo, Gostivar, Kičevo kisha mnaanza kona, jumla saa tatu na zaidi kutegemea basi na dereva. Kipande cha Kičevo kwenda Ohrid walianza kukijengea barabara kuu mwaka 2014, mradi ukachelewa miaka na miaka, kwa hiyo usishangae ukikuta makatapila njiani. Sasa piga hesabu mwenyewe, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, ukitoa chakula cha mchana unabaki na muda wa kupiga ile picha ya kakanisa na kununua hiyo sumaku unayoiogopa. Safari za gari za siku moja ndivyo zilivyo, mnashushwa, mnapandishwa kilima kwa haraka, mnaambiwa saa kumi kamili mkutane kwenye gari.

Treni haifiki, usipoteze muda kuitafuta. Zamani kulikuwa na kareli kembamba ka kutoka vita vya kwanza vya dunia kalikokuwa kanapanda milima hiyo mpaka Ohrid, kakafungwa 1966, na mimi mpenda treni hilo linaniuma mpaka leo ingawa sikukawahi.

Visa: hawamo Umoja wa Ulaya wala Schengen, ila mwenye Schengen halali ya kuingia zaidi ya mara moja wanampokea kwa siku chache bila visa yao. Angalia tovuti ya wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kukata tiketi maana masharti yanahusu pia tarehe ya visa yako kuisha, usije ukawa na visa inayoisha siku unayotoka. Na mwenye nyumba utakayolala anatakiwa akuandikishe polisi, hotelini wanafanya wenyewe bila kukuambia, ila ukipanga chumba kwa mtu binafsi mkumbushe, ni karatasi tu lakini mpakani wanaweza kuiulizia.

Pesa yao ni denari, yuro moja ni kama denari 61 na kitu na haichezi sana. Wenye vyumba wengi yuro wanapokea, ila makanisani na kwenye boti beba denari taslimu.

dada_wa_mikoba

Mzee umemjibu vizuri ila hujamwambia kitu kimoja kikubwa, tarehe! Kaka, mwezi wa saba na wa nane Ohrid ni kelele, mziki wa baa mpaka usiku wa manane, kandokando ya ziwa huoni maji unaona miamvuli. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa panatulia na maji yamebaki na joto la kiangazi, unaogelea bila shida, ila jihadhari na tarehe 8, ni sikukuu yao ya uhuru wa mwaka 1991 na watu wa Skopje wenyewe wanashuka ziwani kwa wingi, ikiungana na wikiendi vyumba unavigombania. Kama unaweza kuikwepa ikwepe.

Fukwe zao ni za kokoto, beba viatu vya maji au utatembea kama kuku kwenye makaa. Hapo mjini chini ya hilo kanisa la kwenye picha kuna kakijiji kanaitwa Kaneo, unaogelea ukiliangalia kanisa juu yako, ni pazuri lakini ni padogo na panajaa. Ukitaka nafasi nenda kusini, Gradište au Trpejca, hii Trpejca ni kijiji cha wavuvi chini ya mlima kabisa, barabara iko juu unashuka nayo mpaka majini.

Halafu lulu. Utaziona kila duka, "lulu za Ohrid". Hazitoki kwenye chaza hizo, wanachonga punje ya gamba halafu wanaipaka rangi inayotengenezwa na magamba ya kasamaki kadogo ka hapo ziwani kanaitwa plašica, wanapaka, wanakausha, wanasugua, wanapaka tena, tabaka juu ya tabaka. Namna ya kutengeneza hiyo rangi ni siri ya familia mbili, Talev na Filev, wanarithishana. Sasa maduka mengine mengi yanauza shanga za plastiki kwa jina hilo hilo, kwa hiyo ukitaka kumchukulia mtu zawadi nenda kwa hao wenyewe na uombe cheti, na ukiona bei ni ya kutupa jua ni ya kutupa kweli.

mguu_njiani

Nimekuelewa dada, tarehe 8 naikwepa. Mzee nawe umenishawishi, nalala. Kumbe saa tatu za kona, hoteli hawakuniambia hilo wao waliniambia "karibu tu". Sasa bado lile suala la makanisa wakuu. Na chakula je?

chumvi_kidogo

Chakula naomba nijibu mimi.

Utaambiwa kula koran, ndiye samaki wa ziwa hilo, jamaa wa ukoo wa trauti ambaye hapatikani pengine popote. Ushauri wangu, mwache. Walimvua mpaka akakaribia kwisha, wakapiga marufuku uvuvi wake miaka kadhaa, na kuna taasisi ya utafiti wa maji hapo hapo mjini tangu 1935 inayototolesha vifaranga na kuwarudisha ziwani. Mara nyingi unacholetewa mezani kwa jina lake ni trauti wa kufugwa, kwa hiyo ama unakula samaki asiyetakiwa kuvuliwa ama unalipia jina, vyote viwili sioni faida yake. Omba trauti wa kufugwa aitwe hivyo hivyo, mtamu tu. Na mkunga pia wanaye, huyo ana kisa cha kusikitisha, zamani alikuwa anatoka ziwani kwa mto Drim Mweusi mpaka baharini kwenda kuzaliana huko mbali Atlantiki, wakajenga mabwawa ya umeme kwenye huo mto njia ikazibwa, sasa waliomo wanapandikizwa na watu.

Cha kula hasa ni maharage. Usicheke. Tavče gravče, maharage meupe makubwa yanaokwa kwenye chungu na pilipili na vitunguu mpaka juu panakauka kidogo, na mkate na nyanya zao za mwezi wa tisa, umemaliza. Huo mwezi ndio wa pilipili hoho nyekundu pia, utaona watu wamebeba magunia, wanazichoma na kuzisaga kuwa ajvar ya kuweka akiba ya baridi, mitaa mizima inanukia moshi wa hoho. Ukikuta mahali wanapika gjomleze ulizia inachukua muda gani, ni chapati za uji wa unga tabaka kwa tabaka zinaokwa chini ya mfuniko wenye makaa, inataka uvumilivu na mikahawa mingi inataka uagize mapema.

Rakija, pombe yao kali ya matunda, watakukaribisha hata asubuhi. Sina maoni hapo, kila mtu na kichwa chake.

kalamu_nyekundu

Suala la makanisa nijibu mimi maana na mimi si mtu wa ibada ila Ohrid ilinikamata kwa mlango huo huo.

Hiyo 365 ni sifa ya mjini, usiihesabu. Wewe una matatu ya kuvumilia, basi chagua vizuri hayo matatu na mengine yapite nje tu.

La kwanza ni Mtakatifu Sofia, la karne ya 11, lilikuwa kanisa kuu la askofu mkuu wa Ohrid. Waosmani, yaani Waturuki, walipoingia wakaligeuza msikiti, wakapaka chokaa kuta zote, na chokaa hiyo ndiyo iliyookoa picha, maana ilipobanduliwa miaka ya 1950 zikatokea picha za miaka mia tisa zikiwa na rangi zake. Ingia, simama katikati, kohoa kidogo tu usikie sauti inavyozunguka, ndiyo maana kila kiangazi wanafanyia humo matamasha ya muziki, tangu 1961.

La pili ndilo ninalotaka ukae. Perivlepta, liko juu karibu na lango la mji wa kale, nje ni la kawaida kabisa unaweza kulipita. Ndani lilichorwa 1295 na vijana wawili, Mihail Astrapas na Eutychius, na hawa walifanya jambo ambalo wachoraji wa Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, hawakuwa na kawaida nalo, waliandika majina yao, ila kwa kujificha, kwenye upanga wa mtakatifu, kwenye pindo la nguo, utafute. Tafuta pia picha ya kumlilia Yesu baada ya kushushwa msalabani. Wanawake wanalia kweli kweli, mmoja amerusha mikono juu, mama mwenyewe amezimia. Vitabu vyote vya sanaa vitakuambia uso wa binadamu mwenye uchungu ulianza kuchorwa na Giotto, mchoraji wa Italia, kule Padua, na Giotto alikuwa bado hajaanza kazi hiyo ya Padua hapa walipomaliza, ilibaki miaka kama kumi. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia saa. Kupiga picha ndani hawaruhusu, afadhali, unaangalia kwa macho. Mkabala wake kuna jumba la ikoni, zile picha takatifu za mbao, ingia kama bado una nguvu.

La tatu ni hilo la kwenye picha, Mtakatifu Yohana wa Kaneo. Ndani ni dogo, dakika tano. La maana ni njia ya kulifikia, usiende na ile njia ya mbao juu ya maji peke yake, nenda nayo kisha urudi kwa kupanda kupitia Plaošnik msituni. Hapo Plaošnik ndipo kiini cha mji wote. Klementi, mwanafunzi wa Kirilo na Methodi, wale wamisionari wa Waslavi, alifika huku 886 akafundisha watu kusoma na kuandika kwa lugha yao wenyewe ya Kislavi wakati Kigiriki na Kilatini ndizo zilikuwa lugha za wakubwa, wanafunzi wakahesabiwa kwa maelfu. Alifariki 916. Kanisa unaloliona hapo limejengwa upya 2002 juu ya msingi wa la kwake, ni jipya na linaonekana jipya, mimi sikulipenda sana, ila angalia sakafu za vijiwe vya rangi za kanisa la kale zaidi chini yake, zimefunikwa na paa.

Ukiendelea kupanda unafika ngome ya mfalme Samuel. Huyu mji mkuu wake ulikuwa hapa, mwaka 1014 kaisari Basil wa Bizanti akalishinda jeshi lake, na inasimuliwa aliwatoboa macho mateka kwa maelfu, kila mia moja akawaachia mmoja mwenye jicho moja awaongoze nyumbani, Samuel alipowaona wanakuja akaanguka na hakuchukua siku nyingi akafa. Kaa juu ya ukuta uangalie ziwa lote.

Angalizo, ukiwa huko usianze kubishana na mtu kama Samuel na Klementi ni wa Wabulgaria au wa Wamasedonia. Nchi mbili zinagombana kuhusu hilo mpaka kwenye meza za Umoja wa Ulaya, wewe kunywa kahawa yako.

dada_wa_mikoba

Kalamu umesahau ukumbi wa kale wa maonyesho, ule wa enzi za Wagiriki, umo katikati ya nyumba za watu kabisa. Kwenye viti vya mawe kuna majina yamechongwa, watu walikuwa na viti vyao vya kudumu! Nilicheka peke yangu.

mguu_njiani

Kalamu umenimaliza, hilo la upanga nitalitafuta. Haya, swali la mwisho, kila mtu anataja Sveti Naum. Ni monasteri nyingine tena? Maana nimeshatumia matatu yangu 😂

Mzee wa Ramani

Naum usilihesabu kama kanisa, lihesabu kama maji.

Ni kama kilomita 30 kusini, mpakani na Albania kabisa. Kiangazi kuna boti inatoka Ohrid asubuhi na kurudi jioni, inachukua saa moja na nusu au zaidi, wakati mwingine inasimama njiani kwenye ile Ghuba ya Mifupa, walikojenga upya kijiji cha nguzo juu ya maji pale zilipokutwa nguzo maelfu za watu wa kale chini ya ziwa. Mwezi wa tisa ratiba inapungua, ulizia bandarini siku moja kabla. Ukikosa boti kuna basi dogo na teksi.

Sasa ukifika waache watu wapange foleni kaburini kutega sikio, wanasema moyo wa Naum, mtakatifu aliyeanzisha monasteri hiyo, unasikika ukidunda mpaka leo na yeye alifariki 910. Tega na wewe kama unataka. Waangalie tausi uani, wakali kidogo. Halafu shuka kwenye chemchemi, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Nyuma ya mlima Galičica kuna ziwa lingine, Prespa, liko juu ya hili la Ohrid kwa mita kama 150. Halina mto unaotoka. Maji yake yanazama kwenye mlima, ambao ni wa chokaa wenye matundu matundu ndani, yanapita chini kwa chini na kutokea hapa Naum, yanabubujika mchangani baridi na safi mpaka unaona punje za mchanga zinacheza chini. Kuna wazee wana mitumbwi ya makasia, injini hairuhusiwi, wanakuzungusha taratibu kati ya miti na kukuonyesha kila jicho la chemchemi. Maji hayo yanaingia ziwani, yanakaa, kisha yanatoka upande wa pili kabisa mji wa Struga kuwa mto Drim Mweusi, wenyeji wanasema mto unavuka ziwa bila kuchanganyika nalo, hilo si kweli lakini wanalisema kwa uhakika sana.

Ziwa lenyewe ni la zaidi ya miaka milioni moja, wakati maziwa mengi duniani hayafikishi hata miaka elfu makumi kadhaa kabla ya kujaa tope, na kina chake ni karibu mita 290. Ndiyo maana lina viumbe zaidi ya 200 ambao hawapo pengine. UNESCO waliliingiza kwenye orodha yao 1979, mwaka uliofuata wakaongeza mji, na upande wa Albania ukaja kuongezwa 2019. Siku hizi wanagombezwa kila kikao kwa ujenzi wa hovyo kandokando, na ukitoka nje kidogo ya mji wa kale utaona mwenyewe kwa nini.

kinyozi_wa_zamani

Mimi nilikaa Struga badala ya Ohrid, kilomita 15 tu, bei nafuu, mto unapita katikati ya mji na vijana wanaruka darajani kuingia majini. Mwezi wa nane wana tamasha la mashairi, washairi wanasimama darajani wakisoma na watu wamejaa kingo zote mbili za mto. Senghor alipewa taji lao la dhahabu 1975, rais mzima wa Senegal. Usiku wa kulala lala Ohrid kwa vile ni mara yako ya kwanza, ila jioni moja panda basi uje ule huku.

mguu_njiani

Hilo la Senghor sikulijua kabisa. Wazo limenijia, kama Naum ni mpakani, naweza kuvuka kwa miguu nikaone Albania nikarudi?

kinyozi_wa_zamani

Unaweza, watu wanafanya sana. Mpaka uko hatua chache kutoka monasteri, unaingia Tushemisht halafu Pogradec, teksi ziko. Na hiyo monasteri yenyewe ilikuwa upande wa Albania, Ahmet Zogu, aliyekuja kuwa mfalme Zog, ndiye aliyeikabidhi kwa Yugoslavia 1925, Masedonia ikiwa sehemu ya nchi hiyo. Karibu na hapo kuna Drilon, chemchemi zingine za Prespa hiyo hiyo na mabata, Enver Hoxha, yule dikteta wa kikomunisti wa Albania, alijijengea nyumba ya mapumziko hapo.

Ila masharti ya Albania ni ya kwao na ya Masedonia ni ya kwao. Albania wao wanataka Schengen yako iwe imeshatumika angalau mara moja ndani ya Schengen. Kama yako bado mpya haijagongwa mhuri usijaribu, utarudishwa mlangoni na boti ya kurudi Ohrid haikusubiri.

mguu_njiani

Imegongwa mwezi wa nne Ugiriki, kwa hiyo niko salama. Nakata tiketi ya basi, ya hoteli nawarudishia. Kinyozi, hiyo sehemu ya kula Struga nitumie inbox.